Suti ya Kona

Mwanamke huyu aliitwa Mama Simu, na jina hilo hakuliokota barabarani. Tangu akiwa msichana wa kiuno chembamba mpaka alipostaafu na magoti yanayonung'unika, alikaa mbele ya ubao wa simu wa shirika moja kubwa, mkono huu ukichomeka waya na ule ukichomoa, akiwaunganisha watu wenye haraka na watu wasiotaka kusemeshwa. Humo ndimo alimogundua kwamba ana koo la ajabu. Sauti yoyote iliyopita masikioni mwake kwa muda ilishuka ikakaa, na siku akiitaka aliitoa kama mtu anavyotoa leso mfukoni. Wenzake walikuwa wakifunga mlango wa ofisi ili awaigie sauti ya meneja, wakavunjika mbavu. Siku moja meneja mwenyewe alifika mlangoni, akajisikia akiongea ndani, akarudi zake akidhani ameshaingia.

Nyumbani lakini hakumwiga mtu. Alirudi jioni maneno yamemwishia, akampikia mwanawe wa pekee, akamkagulia madaftari, akalala. Kwa hiyo mwana huyo alikua akimjua mama mkimya, mwenye kuchoka, basi.

Sasa mwana amekuwa mtu mzima, wakala wa bima, na mama anakaa kwake. Alikuwa mwana mwema, hilo Mama Simu alilisema mbele ya watu na nyuma yao. Tatizo ni kwamba kazi ilikuwa imemwingia damuni. Akiona ngazi, anaona mguu uliovunjika. Akiona jiko, anaona moto. Maneno yake mengi yalianza na "kwa tahadhari tu", mpaka mama yake, moyoni, akambatiza Bwana Tahadhari. Tangu siku ile Mama Simu alipopata kizunguzungu akiinuka kwenye kiti cha saluni, hakupewa tena nafasi ya kusimama. "Kaa, Mama." "Weka chini hiyo, Mama." Miaka yote ya kazi alikuwa amekaa, amestaafu, anakalishwa upya.

Jioni moja mezani, mwanawe aliweka kijiko chini, akafuta mdomo, akatangaza kwamba shule zikifunga familia nzima itakwenda kwenye bustani ya michezo, ile kubwa yenye hoteli yake humo humo ndani. Wajukuu wake wawili wa kike wakapiga kelele mpaka paka wa jirani akaruka ukuta.

"Na nimeomba suti," akaongeza.

"Suti ya kuvaa?" akauliza yule mdogo, waliyemwita Kidomo kwa sababu hakuna neno lililowahi kulala kinywani mwake. "Mimi nataka yenye vifungo vingi."

"Suti ya hoteli. Vyumba vya kulala na sebule yake, vyote vimeungana. Nimeomba iliyo chini, upande wa nyuma. Kwa tahadhari tu. Hakuna ngazi, hakuna kelele, na Mama atalala chumba cha ndani, akitaka kutoka anapita kwetu."

"Huko nyuma kuna nini?" akauliza mkewe. Alikuwa mfamasia, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini iliyonyooka. Hata habari za mvua alikuambia kana kwamba anakuelekeza umeze kimoja asubuhi na kimoja jioni.

"Kuna utulivu."

"Likizo iliyopita pia kulikuwa na utulivu," mfamasia akasema, akimimina maji. "Tulitazama kamba za kuanikia mashuka."

"Ni kwa ajili ya Mama," mwanawe akasema, akampapasa mama yake mkono. Mama Simu akatoa lile tabasamu ambalo wazee hulitoa wakipapaswa.

Baada ya kula, mjukuu mkubwa akamwonyesha bustani hiyo kwenye simu. Palikuwa na bembea za kuzunguka, maporomoko ya maji, vibanda vya peremende. Halafu likaja Joka. Lilikuwa treni dogo lisilo na paa, lenye kichwa kilichoachama mdomo, likipandishwa mlima wa vyuma taratibu huku likikwaruza. Likifika kileleni linatulia kidogo, kana kwamba limesahau kitu nyumbani, kisha linajitupa. Watu waliomo wakainua mikono, wakapiga mayowe.

"Rudia hapo," Mama Simu akasema. Ikarudiwa. "Tena."

"Unaogopa, Bibi?"

"Natazama tu, mjukuu wangu."

Hakuwa anaogopa. Kitu kilikuwa kinamtekenya chini ya mbavu. Wale watu walikuwa wakipiga mayowe kwa vinywa vyao wenyewe, kwa nguvu zao zote, na hakuna aliyewaambia wapunguze. Yeye maisha yake yote alikuwa akisema "Subiri, nakuunganisha." Akajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alipiga yowe. Hakukumbuka.

Asubuhi, nyumba ilipobaki tupu, aliketi sawasawa kwenye kochi, akasafisha koo, akapiga namba ya hoteli iliyobandikwa kwenye friji. Simu ilipopokelewa, aliyezungumza hakuwa Mama Simu. Alikuwa mfamasia, kwa kituo na mkato.

"Habari za asubuhi. Napiga kuhusu nafasi yetu. Mume wangu, yule wa bima, aliomba suti ya chini, nyuma."

"Ndiyo, mama," akasema karani wa nafasi, mwanamume mwenye sauti nzito ya mtu anayeipenda kazi yake. "Tulivu kabisa. Inatazama chumba cha dobi."

"Tungependa nyingine. Ipi iko karibu na Joka?"

"Mama, watu huwa wananiuliza iliyo mbali."

"Sisi tunauliza iliyo karibu."

"Iko suti ya kona, ghorofa ya juu kabisa. Lakini nikwambie ukweli, Joka linapita pale pale dirishani. Ukinyoosha ufagio unaligusa. Vikombe vinatetemeka mezani. Mgeni wa mwisho alihama kabla hajafungua begi."

"Chumba kidogo kina mlango wake wa kutokea koridoni?"

"Kinao."

"Tunaichukua."

"Sawa, mama. Sasa niandike sababu gani? Mkubwa wangu anapenda sababu."

Hapo Mama Simu alikuwa hajajiandaa. "Ni mama mkwe wangu," akasema, polepole, kwa ile sauti ya dawa. "Ana tatizo la ukimya. Akikaa mahali palipotulia, presha inapanda. Daktari amesema apate kelele mara kwa mara. Asubuhi na jioni."

"Baada ya chakula?" karani akauliza kwa huruma.

"Kabla," akasema Mama Simu, akakata simu, akajifunika uso kwa mto wa kochi na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Hakucheka muda mrefu. Jioni ya kesho yake mwanawe aliingia nyumbani amekunja uso kama karatasi ya maandazi.

"Hoteli imenitumia ujumbe kwamba tumebadilisha suti," akasema walipoketi kula. "Nimewapigia. Wanasema eti mke wangu ndiye aliyeomba." Akamgeukia mkewe. "Uliwapigia?"

"Mimi? Sijampigia mtu."

"Wanasema ni sauti ya upole, inayonyooka."

"Lakini Bibi anajua kuongea kama—" Kidomo akaanza, na kabla hajamaliza kumwaga mtama, bibi yake, aliyekuwa akiwaigia wajukuu sauti za watu wakibaki peke yao, alikuwa amekwisha kumtia kipande kikubwa cha ndizi mdomoni.

"Kula, mjukuu wangu. Ndizi inajenga mifupa."

"Huyo ni tapeli," mwanawe akasema, akipiga meza kwa kidole. "Mtu anajifanya mke wangu. Leo suti, kesho akaunti ya benki. Nimeirudisha ile ya chini, nimewaambia wakae chonjo."

Mfamasia alikuwa akimtazama mama mkwe wake jinsi anavyosoma mwandiko mbaya wa daktari: kwanza haamini, halafu anaanza kuzitambua herufi. Mama Simu akajishughulisha na kumfuta Kidomo mdomo uliokuwa safi.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alisubiri siku mbili tatu zipite, nyumba ikawa tupu tena, akanywa chai ya moto bila sukari, akaketi kiume, magoti huku na huku. Sauti ya mwanawe haikuwa rahisi. Ilikuwa inatoka kifuani, na ilikuwa na wasiwasi ndani yake, kama chombo chenye ufa. Akaijaribu kwa paka wa jirani. Paka akaondoka. Akapiga simu.

"Bwana!" karani akasema. "Ile ya chini tumeshairudisha, usiwe na shaka."

"Kwa tahadhari tu," akasema Mama Simu, "nisikilize vizuri. Yule aliyekupigia ukairudisha, hakuwa mimi."

"Hakuwa wewe? Lakini sauti ni hii hii!"

"Ndivyo walivyo siku hizi, wanaiba mpaka sauti. Suti yetu ni ya kona, kama mke wangu alivyoomba. Huyo mtu akipiga tena, usibishane naye. Mwambie 'sawa sawa, bwana', kisha usiguse chochote."

"Nitamjuaje?"

"Atataka ya chini."

"Haya!" karani akasema, na ikasikika wazi kwamba anafurahi; kazi ya kuandika nafasi za wageni haina majasusi wengi. "Atakoma huyo."

Alipoweka simu chini, Mama Simu alijisikia vibaya. Hali hiyo ilidumu mpaka chai ilipokwisha kikombeni. Baadaye mwanawe alipiga hotelini mara nyingine kuhakikisha, akajibiwa "sawa sawa, bwana" kwa utamu mwingi hivi kwamba aliisifia hoteli hiyo mezani. "Huduma ndiyo hiyo," akawaambia. "Hawabishani na mtu."

Siku ikafika. Ukumbi wa hoteli ulinuka nta ya sakafu na mafuta ya kukaangia, watoto wamejaa na maputo, na nyuma ya kaunta alisimama karani mwenyewe, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake.

"Karibuni sana! Suti ya kona, ghorofa ya juu kabisa," akasema, akizisogeza kadi za mlango kwenye kaunta.

Mwanawe hakuzigusa. "Hapana. Ya chini, nyuma."

Karani akacheka kidogo, akainama mbele, akashusha sauti kama watu wanaokula njama. "Usijali, bwana. Hapa hayupo. Alipiga tena, nami nikamwambia sawa sawa, kama ulivyonielekeza."

"Nani alipiga?"

"Yule tapeli anayejifanya wewe."

"Huyo alikuwa mimi!"

Karani akarudi nyuma hatua moja, akamwangalia upya kuanzia juu hadi chini. "Basi yule aliyeniambia kwamba wewe si wewe alikuwa nani?"

Mama Simu alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha ukumbini, mkoba mapajani, amevaa sura ya kikongwe asiyesikia vizuri. Kidomo akavuta pumzi kubwa ya kusema. Dada yake akamkanyaga mguu.

"Lakini aliyepiga mara ya kwanza ni mama hapa," karani akasema, akitafuta pa kushika. Akamgeukia mfamasia. "Si ndiyo, mama? Kuhusu mama mkwe wako na ule ugonjwa wake wa ukimya."

Wote wakamtazama mfamasia. Yeye akamtazama mama mkwe wake, ambaye ghafla alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye zipu ya mkoba. Kisha akatazama nje ya kioo, ambako Joka lilikuwa linashuka na mzigo wake wa mayowe.

"Ndiyo," akasema. "Nilipiga mimi."

"Ulisema hukupiga!" mumewe akasema.

"Nilitaka kuwashtukiza kwa zawadi."

"Na ile sauti nyingine? Ya kiume? Sauti yangu?"

Mfamasia hakupepesa jicho. "Nilikuwa na mafua."

"Mafua makali kweli, mama," karani akasema. "Pole sana."

Suti ya chini ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na wazee wa kwaya waliokuja kupumzika, na hoteli imejaa. Mwanawe akasimama pale akipumua kwa pua, akazichukua kadi. Lifti ilikuwa ya vioo pande zote, inayopanda nje ya ukuta ili wageni waone bustani. Akaitazama, akasema yeye atapandisha mabegi kwa ngazi. Kwa tahadhari tu, wasije wakaizidishia lifti uzito. Akaondoka nayo yote, amejipakia kama punda.

Ndani ya lifti wasichana waligandisha pua zao kwenye kioo. Mfamasia alitazama namba za ghorofa zikiwaka moja baada ya nyingine.

"Mama," akasema. "Mimi huwa naongea hivyo?"

"Hivyo vipi, mwanangu?"

"Kama maelezo ya kwenye chupa ya dawa."

"Kidogo," Mama Simu akasema. "Siku za kazi."

Mabega ya mfamasia yakaanza kutikisika, na Mama Simu akadhani amemliza, mpaka alipomwona usoni. Alikuwa anacheka, kimya kimya, mkono mdomoni. "Tangu nimeolewa nalala chini, nyuma," akasema alipopata pumzi. "Kabla hata hujahamia kwetu, Mama. Kila likizo mashuka ya watu, mashuka ya watu. Ile jioni nilipojua ni wewe, nikasema basi, walau sauti yangu imekwenda kuomba kitu kizuri."

"Utamwambia?"

"Inategemea. Hilo Joka, kesho asubuhi—"

"Najua. Unataka kunikataza."

"Nataka kiti cha mbele," mfamasia akasema. "Na sithubutu kwenda peke yangu. Ila nitakupima presha kwanza. Ikipanda, unabaki na watoto."

Presha ilipimwa alfajiri, pembeni mwa kitanda, na ilikuwa nzuri kuliko ya mpimaji. Mwanawe alikuwa bado amelala. Alikuwa amechagua kitanda kilicho karibu na mlango, akavuta mapazia yote, na juu ya mapazia akatundika blanketi, eti mwanga unamwumiza macho. Wakatoka kwa mlango wa chumba kidogo, viatu mkononi, bibi, mkwe na wajukuu, kama wezi wanaofuatana.

Langoni kwa Joka palikuwa na kijiti cha kupimia urefu. Kidomo hakukifikia hata alipojivuta kwa vidole. Ikabidi abaki na dada yake kushika mikoba na makubazi ya bibi, akilalamika kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye vibanda vya peremende. Msimamizi akawashushia wanawake hao chuma cha kifuani kwenye kiti cha mbele kabisa, akamtazama Mama Simu. "Bibi, una uhakika?"

"Wewe funga, mwanangu, usije ukabadilisha mawazo yangu."

Joka likapanda. Hewa ya asubuhi ilikuwa baridi, bustani ikawa inashuka chini yao, miti ikageuka majani ya mboga, watu wakawa vifungo. Mkwe alikuwa amemshika mkono kwa nguvu za kuvunja. Kileleni pakawa kimya. Mama Simu akaona mbali, akaona kwamba reli mbele yao imekwisha, akafikiri, "Mimi mwanamke mjinga." Kisha dunia ikaondolewa.

Yowe lililomtoka halikuwa la mtu mwingine. Lilianzia kwenye nyayo. Lilikuwa kubwa, bovu, lenye mikwaruzo, na yeye mwenyewe alilisikiliza kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa mgeni ambaye hamjui na kuambiwa ni ndugu yake. Kando yake mfamasia alikuwa anapiga kelele za furaha ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia dukani kwake. Wakapinda kushoto, wakapinda kulia, na ukuta wa hoteli ukawajia mbio.

Dirisha la kona, la juu kabisa. Pazia likafunguka kidogo. Akatokea mwanawe, taulo shingoni, mswaki mdomoni, povu kidevuni. Macho yao yakakutana. Kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, Mama Simu akainua mkono akampungia.

Uso wa mwanawe ukashuka. Haukugeuka wala haukurudi nyuma; ulishuka tu, wima, kama kitu kilichoachiliwa, ukapotea chini ya dirisha.

"Ameanguka!" Mama Simu akapiga kelele, lakini kwenye Joka kila mtu anapiga kelele. Safari iliyobaki hakuifaidi. Walipofunguliwa tu alitoka mbio, peku, akawapita wajukuu na makubazi yao, akakatiza ukumbi, akajitupa kwenye lifti, yeye ambaye nyumbani alikuwa akishikwa kiwiko kwenda kuosha mikono.

Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta chini ya dirisha, mswaki umeshikwa kama mshumaa.

"Mwanangu, moyo!" akasema.

"Mama, moyo!" mwanawe akasema papo hapo.

Wakatazamana. "Wangu mzima," akasema Mama Simu, akihema. "Mbona umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Sakafuni?"

"Ndipo mahali pa chini kuliko pote nilipopaona humu."

Joka likapita nje, vikombe vikagongana mezani, na mwanamume yule mzima, baba wa watoto wawili, akafumba macho akaking'ang'ania kizulia. Hapo Mama Simu akaelewa. Mapazia, blanketi, ngazi na mabegi yote yale.

"Ni wewe," akasema. "Si mimi."

"Ni mimi." Akafuta povu kidevuni. "Nilichungulia kuwatafuta tu. Nikiwa juu magoti yanageuka maji. Tangu utotoni. Tulipanda mnara wa tangi la maji shuleni, wenzangu wakashuka, mimi nikashindwa. Alikuja mlinzi kunishusha kwa kamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi umechoka, Mama. Kutwa nzima umeongea na watu. Sikutaka kukuongezea maneno."

Hilo lilimchoma Mama Simu mahali ambapo Joka halikufika. Akaketi sakafuni kando ya mwanawe, bega kwa bega, miguu yake mitupu imenyooshwa mbele.

"Nikazoea kutafuta sababu," mwanawe akaendelea. "Kwanza nilisema ni mimba ya mke wangu. Kisha watoto bado wadogo. Ulipohamia kwetu nikasema ni wewe. Umenisaidia sana, Mama."

"Yaani umenikalisha kitini muda wote huo kwa ajili ya tangi la maji?"

"Hapana, kile kizunguzungu kilinitisha kweli. Lakini suti ya nyuma... ndiyo. Nimekutumia."

Alistahili kukasirika, na aliitafuta hasira hiyo, ila kwenye zulia lile hakuiona. Akasafisha koo. "Kwa tahadhari tu," akasema kwa sauti nzito, ya kifuani, yenye ufa, "huyo mtu akipiga tena, usibishane naye."

Mwanawe akageuza shingo polepole. Mdomo ukamwachama. "Ni wewe!"

"Na yale mafua ya mkeo pia."

Alitaka kufoka, Mama Simu aliiona hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio. Lakini ilipofika mdomoni ikatoka kicheko, na kicheko kikatoka na dawa ya meno, akapaliwa, ikabidi mama yake ampige mgongoni. Mfamasia aliingia akawakuta hivyo, nywele zimemsimama, ameshika makubazi. Akaelezwa. Hakucheka.

"Yaani mashuka yote yale," akasema, "ni tangi la maji?" Akaingia bafuni akafunga mlango. Alinuna hadi mchana, na mumewe alimzunguka akimletea juisi ambazo hakuziomba. Alipotoka kwenye kununa alimwambia jambo moja: angeambiwa mapema, angekuwa amemtafutia dawa.

Mama Simu ndiye aliyeshuka kwa karani. Aliongea kwa sauti yake mwenyewe, ile ya siku zote, iliyokuwa imekauka kidogo kwa mayowe. Aliomba chumba kimoja, hata kiwe kidogo kama kabati, cha mwanawe peke yake.

"Chini," akasema. "Nyuma."

Karani akaacha kuandika. Akafinya macho. "Mama, mimi na wewe tumewahi kuzungumza?"

"Baba, kwa umri wangu, nani sijazungumza naye?"

Akampa kimoja, cha kuhifadhia vitanda vya ziada, dirisha limetazama mashine za dobi. Mwanawe aliingia humo kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Alilala fofofo, akaamka na rangi usoni, na kabla likizo haijakwisha alikuwa amemshawishi mkuu wa dobi akate bima ya mikono. Wanawake wakabaki kwenye suti ya kona. Mama Simu alipanda Joka mpaka shingo ikakataa kugeuka, mkwewe akawa anamkanda kwa dawa ya kuchua na kumpangia muda wa kupumzika, naye akatii nusu yake.

Kila asubuhi mwanawe alipanda kunywa chai pamoja nao. Alikuja kwa ngazi, kiganja kwenye ukuta, macho kwenye zulia, na mama yake akimsikia anakohoa koridoni alikuwa anavuta mapazia kabla hajaingia. Asubuhi ya kuondoka akamzuia.

"Acha wazi kidogo," akasema. "Upana wa mkono tu."

Akaacha upana wa mkono. Kidomo akabanwa katikati ya bibi na dada yake ili asiseme kitu. Wakasubiri, chai inapoa. Mtetemo ukaanza kwa mbali, vijiko vikaanza kucheza kwenye visahani, mwanawe akaishika meza kwa mikono miwili, na Joka likapita na watu wake, mara moja, fyuu.

Chai yake ilikuwa imemwagika kwenye suruali. Hakuitazama. Alikuwa bado anatazama ule mwanya wa pazia.

"Kumbe ni la kijani," akasema. "Muda wote huu nilidhani ni jekundu."